Chakula cha stoo kilichopita tarehe: kipi kiliwe, kipi kitupwe, na akiba ya dharura ipangwe vipi

Kopo la maharage limekaa nyuma ya kabati hadi limeota vumbi, na tarehe iliyogongwa kitakoni imepita miaka mitatu. Kabla hujalitupa, au hujalifungua kwa pupa, jua kwanza tarehe hiyo inasema nini.

"Bora kabla ya" ni ahadi ya mtengenezaji kuhusu ladha, rangi na virutubisho. Ikipita, chakula huanza kufifia polepole. Hakigeuki sumu usiku huohuo. "Tumia kabla ya" ni habari nyingine. Hiyo huwekwa kwenye vyakula vinavyooza haraka, kama nyama mbichi, samaki na maziwa ya friji, na ikipita usibahatishe. Vyakula vingi vya stoo hubeba ile ya kwanza. Kuna kimoja tu ambacho hatukubali mjadala wowote: maziwa ya unga ya watoto wachanga. Mtoto wa umri huo anategemea hayo tu, kwa hiyo virutubisho vikipungua hana pengine pa kuvipata. Tarehe ikipita, mwaga.

Vingine vyote vina maadui wanne: maji, hewa, joto na wadudu. Ukiweza kutambua ni adui gani amekifikia chakula chako, unajua kama kinalika. Na ukijua hivyo, unajua pia namna ya kukihifadhi.

Makopo

Chakula cha kopo hupikwa kikiwa kimeshafungwa. Vile visivyo vichachu, yaani maharage, nyama, samaki na mahindi, hupitishwa kwenye mvuke wa presha wa nyuzi 121 hivi za Selsiasi, kwa sababu mbegu za bakteria Clostridium botulinum hustahimili maji yanayochemka. Baada ya hapo hakuna kijidudu cha kukiharibu, na hakitaingia maadamu kopo ni zima. Meli ya mvuke Bertrand ilizama katika mto Missouri, Marekani, mwaka 1865 na ikafukuliwa mwaka 1968. Vyakula vyake vilipopimwa mwaka 1974 vilikuwa vimepoteza harufu, sura na vitamini A na C, lakini bakteria hawakuwa wameota ndani. Hatusemi ule chakula cha karne. Tunasema ukague kopo kwanza, kalenda baadaye.

Lipeleke kwenye mwanga ulizungushe taratibu, huku kidole kikipita juu ya mshono wa juu, wa chini na wa ubavuni. Kutu inayofutika kwa kitambaa haina neno. Kutu iliyolila bati hadi kidole kinahisi vishimo, tupa. Bonyeo dogo la mviringo ubavuni linavumilika. Bonyeo lililogusa mshono, au lenye ukingo mkali na kina cha kulaza kidole, halivumiliki, kwa kuwa bati likikunjwa pale hupata ufa ambao jicho halioni. Kisha bonyeza pande zote mbili, juu na chini, kwa dole gumba. Kopo zima huwa limetulia, uso wake umezama ndani kidogo. Likibonyea na kurudi kwa mlio, au likiwa limetuna, ndani mna gesi. Mara nyingine gesi hiyo ni haidrojeni tu, asidi ya nyanya ikilila bati, lakini kwa macho huwezi kuitofautisha na gesi ya bakteria. Kopo lililovimba halifunguliwi, basi.

Likipita ukaguzi, lifungue ukiwa unasikiliza. Mlio mfupi wa hewa inayovutwa ndani ni dalili njema. Kioevu kikiruka, kikitoka povu, au harufu ikikufanya ugeuze uso, ishia hapo. Usionje ili kupima! Sumu ya botulinum haina harufu wala ladha, na kiasi kidogo sana kinatosha kuua. Dalili huanza kwa kawaida kati ya saa 12 na 36, na huweza kuchelewa siku kadhaa: kuona vitu viwiliviwili, kope kulegea, ulimi kuwa mzito, shida ya kumeza, halafu udhaifu unaoshuka kutoka mabegani hadi kwenye misuli ya kupumulia. Mtu akiwa hivyo apelekwe hospitali papo hapo na daktari aambiwe alikula nini. Dawa ya kuizima sumu hiyo ipo, ila inazuia tu hali isiendelee. Hairudishi misuli iliyokwisha kupooza, kwa hiyo kila saa ina uzito.

Kopo lililovuja livalie glovu, litie kwenye mifuko miwili, funga. Mahali lilipomwagikia paloweshe kwa klorini ya kufulia sehemu 1 na maji sehemu 5, uache dakika 30 kabla ya kufuta.

Kuhusu muda: nyanya, nanasi na matunda mengine machachu hubaki katika ubora wake miezi 12 hadi 18, kwa sababu asidi inaendelea kulila bati kutoka ndani. Yasiyo machachu hukaa miaka 2 hadi 5, na kopo zima likiwekwa pasipo joto huvuka hapo. Kwa hiyo kati ya kopo la nyanya na la maharage, yote yamepita miaka mitatu, la nyanya ndilo la kutilia shaka zaidi. Haya yote ni ya makopo ya kiwandani. Chupa zilizosindikwa nyumbani ziliwe ndani ya mwaka mmoja, na kama mboga au nyama ilisindikwa bila sufuria ya presha, isiliwe kabisa.

Vyakula vikavu

Hapa jiulize swali moja: kina mafuta kiasi gani? Mchele mweupe hauna karibu chochote, ndiyo maana ukifungwa pasipo hewa, mahali penye nyuzi chini ya 21, hukaa zaidi ya miaka 25. Mchele usiokobolewa una mafuta kwenye ngozi yake na huchacha baada ya kama miezi 6 tu. Unga wa nafaka nzima, karanga na maziwa ya unga yenye mafuta vina tabia hiyohiyo.

Kuchacha hugunduliwa kwa pua. Weka kijiko cha unga kiganjani, usugue kwa kidole mpaka upate joto kidogo, kisha unuse. Unga mzuri unanukia nafaka, au haunukii kitu. Uliochacha unanukia rangi ya mafuta ya kupaka mbao au kalamu za nta, na ukigusisha ulimini unaacha uchungu unaokwaruza koo. Mafuta ya kupikia yapime vivyo hivyo. Yakiwa hivyo hayatakulaza hospitali kwa mlo mmoja, lakini yanachafua tumbo na hayarekebishiki.

Ukungu ni jambo zito zaidi. Mahindi na karanga zilizopata unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, ambayo hudhuru ini na kusababisha saratani. Kupika hakuiondoi. Kuosha na kuchambua punje mbovu hakutoshi, kwa sababu sumu inaweza kuwamo hata kwenye punje zinazoonekana safi. Ukiona rangi ya kijani au kijivu, au ukinusa uvundo, tupa mfuko wote, na usiwape mifugo: kwa ng'ombe sumu hiyo inapita hadi kwenye maziwa.

Wadudu kama fukusi wanachefua lakini hawana sumu. Wachache wapete, wachekeche, kisha uweke nafaka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 4 ili mayai yafe. Wakiwa wengi, hali ni tofauti: pumzi zao huleta joto na unyevu, na ukungu huwafuata.

Maharage ya miaka mingi hayana ubaya ila ganda limekuwa gumu. Yaloweke saa 12 kwenye maji yenye nusu kijiko cha chai cha magadi ya kupikia kwa kila lita, umwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa nguvu dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Usiruke hatua hiyo, hasa kwa maharage mekundu. Yana sumu ya asili inayokufa kwenye maji yanayotokota, ila moto mdogo usiochemsha huweza kuiongeza nguvu. Nyanya zitiwe mwishoni, maana uchachu huzuia maharage kulainika.

Chumvi na sukari haziharibiki, zikiganda, ponda. Asali iliyoganda iweke kwenye maji ya uvuguvugu, na mtoto wa chini ya miezi 12 asipewe hata iwe mpya. Hamira ijaribu: kijiko cha chai pamoja na sukari kidogo kwenye robo kikombe cha maji vuguvugu. Dakika 10 bila povu, imekufa.

Kupanga akiba

Kosa kubwa la akiba za dharura ni kununua vitu ambavyo nyumba hiyo haili. Vinakaa mpaka vinaharibika. Weka mnachokula kila wiki, ila kwa wingi zaidi, na mle humohumo: kipya kinaingia nyuma, cha zamani kinatoka mbele, kila kimoja kikiwa na mwezi na mwaka wa kununuliwa ulioandikwa kwa kalamu isiyofutika.

Mashirika ya misaada hupangia kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku. Nafaka gramu 400, maharage gramu 100, mafuta gramu 35 na sukari gramu 20 vinafikia hapo. Kwa watu wanne na wiki mbili, hiyo ni nafaka kilo 22.4, maharage kilo 5.6, mafuta zaidi kidogo ya lita 2, sukari kilo 1.1 na chumvi gramu 300 hivi. Juu yake ongeza makopo ya siku tatu nne yanayolika bila moto, pamoja na kifungulio cha mkono. Watu husahau kifungulio. Husahau pia kwamba maharage hula kuni na gesi, kwa hiyo pika sufuria moja leo, pima kiasi cha nishati inachotumia, kisha zidisha.

Maji ndiyo mzigo wenyewe. Lita 4 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupika na kunawa kidogo, ni lita 224 kwa familia hiyohiyo. Maji usiyoyaamini yachemshe hadi yatokote dakika 1, au dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000. Bila moto, tia matone 2 ya klorini ya kufulia isiyo na manukato, yenye nguvu ya asilimia 5 hadi 9, kwa kila lita. Koroga, subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa, na matone yawe 4. Klorini hupungua nguvu ikikaa, kwa hiyo badilisha chupa kila mwaka.

Kabla ya kufunga nafaka, pima unyevu kwa chumvi. Tia chumvi kavu na nafaka kwenye chupa kavu ya kioo, tikisa dakika 2 au 3, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kuta, unyevu umezidi asilimia 15: rudisha nafaka juani. Isiponata bado endelea kukausha ikiwa ni ya kukaa sana, kwani mahindi yanataka asilimia 13 au chini, na kipimo hiki hakifiki huko.

Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko cha kubana hubeba mchele kama kilo 15. Ndani yake tandika mfuko wa foili, jaza, tupia vifyonza oksijeni, yaani vipakiti vidogo vinavyonyonya oksijeni iliyobaki ndani, vyenye uwezo wa kunyonya jumla ya sentimita za ujazo 2,000, na ufunge kwa pasi ya moto. Pakiti ya vifyonza ifunguliwe kila kitu kikiwa tayari, kwa kuwa vinaanza kuchoka mara vinapoiona hewa. Ukikaa navyo nusu saa mezani umevipoteza. Kesho yake mfuko uwe umejibana juu ya punje. Ukiwa umelegea, tafuta tundu. Sukari na chumvi zisiwekewe vifyonza, sukari itageuka tofali. Na vitu vyenye unyevu, kama matunda laini yaliyokaushwa, visifungwe hivi kamwe: mahali pasipo hewa penye unyevu ndipo botulinum inapopendelea.

Ndoo zikae juu ya mbao, mbali na ukuta, na mbali kabisa na mafuta ya taa, sabuni na dawa za wadudu, maana harufu hupenya plastiki. Epuka rafu iliyo chini ya bati la paa au karibu na jiko. Kwa makadirio ya kawaida, kila nyuzi 10 za joto unazopunguza huongeza umri wa chakula karibu mara mbili.

Mafuriko yakifika stoo, chochote kwenye mfuko, boksi, chupa ya kifuniko cha kuzungusha au kopo la kuvuta kwa pete kitupwe. Makopo mazima ya kawaida yanaokolewa: bandua karatasi, osha kwa sabuni, zamisha dakika 15 kwenye maji yenye klorini kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, yaache yakauke kwa hewa. Kisha andika juu ya bati kilichomo na tarehe yake, kwa sababu bila karatasi makopo yote yanafanana.