Somo: Kurekebisha tovuti ya jimu ili ilete wanachama wapya

Ndugu zangu, somo hili ni la wenye jimu za mitaani hapa Dar es Salaam, wale wa Sinza, Tabata, Kinondoni na Mbagala, ambao tovuti zao zilitengenezwa mara moja zikaachwa. Nimesaidia kurekebisha kadhaa za namna hiyo, na karibu zote zilijaa sifa za jimu huku zikimnyima mgeni mambo matatu anayoyatafuta: jimu iko wapi, ada ni kiasi gani, na inafunguliwa saa ngapi.

Hatua ya kwanza. Ifungue tovuti yako kwa simu ya kawaida na kwa bando lako mwenyewe, ukiwa umesimama kituoni Mwenge au umebanana ndani ya mwendokasi, kwa sababu hivyo ndivyo mteja wako anavyoiona. Google huhesabu kasi kuwa nzuri endapo picha au maandishi makubwa ya sehemu ya juu yanatokea ndani ya sekunde 2.5, na programu yake ya bure iitwayo PageSpeed Insights itakuonyesha kinachochelewesha. Mara nyingi ni video inayojicheza yenyewe na picha zilizopakiwa kama zilivyotoka kwenye kamera. Iondoe video hiyo, kisha zipunguze picha na uzihifadhi katika WebP, muundo wa picha usiochukua nafasi kubwa.

Hatua ya pili ni ada, na hapa ndipo ninapobishana sana na wenye jimu. Wengi huificha wakihofia kwamba mshindani ataiona, ilhali mshindani anaweza kumtuma kijana akaulize mapokezini leo hii. Anayepotea ni mteja, ambaye akikosa bei huamini kwamba ni kubwa kuliko mfuko wake, naye huondoka bila kuuliza. Andika ada ya siku, ya mwezi na ya miezi mitatu kwa shilingi, na kama kuna ada ya kujiandikisha iandike papo hapo, isije ikamshtua mlangoni. Eleza pia namna ya kulipa, iwe ni fedha taslimu au lipa namba. Ada ya siku msiidharau: watu wengi wa mji huu hupata fedha kwa siku, na huanza kwa kujaribu.

Hatua ya tatu ni mahali na saa. Kuandika “Sinza” peke yake hakutoshi; andika kama unavyomwelekeza mgeni kwa simu, yaani kituo cha daladala cha kushukia, upande wa barabara, jengo na ghorofa. Kisha isajili jimu kwenye ramani ya Google, ambako usajili ni bure, na uhakikishe jina, namba ya simu na saa vinafanana na vya kwenye tovuti. Kuwa makini na saa: nimewahi kukuta jimu inayofunguliwa saa 11 alfajiri imeandikwa kwenye ramani kwamba hufunguliwa 11:00, kwa kuwa aliyejaza alihesabu saa za Kiswahili, na hivyo kila aliyetafuta jimu ya kwenda kabla ya kazi aliambiwa kwamba imefungwa. Ilipasa kuandikwa 05:00. Ramadhani na sikukuu zikibadilisha ratiba, badilisheni pote pawili.

Hatua ya nne. Ondoa picha za wanyanyua vyuma wa ng’ambo, kwani mtu mwenye kitambi anayetaka kuanza huziona na kujiona hahusiki. Piga picha za ukumbi wako, mabafu yako na walimu wako wakifundisha watu wa kawaida, baada ya watu hao kukupa idhini kwa maandishi.

Hatua ya tano. Weka kitufe cha WhatsApp kinachoonekana muda wote. Kiungo chake ni wa.me/ kikifuatwa na 255 na namba yako bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha.

MASWALI YA WENYE JIMU

Swali kutoka Mikocheni: Mwalimu, nina wafuatiliaji wengi Instagram. Tovuti ya nini?

Jibu: Kaka, Instagram inakutangaza vizuri, lakini tangazo la ada uliloweka mwezi uliopita limeshazama chini ya mengine. Vilevile akaunti inaweza kufungwa au kuibwa, ilhali jina la tovuti linaloishia na .co.tz ni lako maadamu unalilipia.

Swali kutoka Mbagala: Tuna saa za wanawake pekee. Tuziandikeje?

Jibu: Dada, ziweke juu kabisa ya ukurasa wa mwanzo, pamoja na siku zake. Kisha jibu lile ambalo mama wa watu anaona haya kuuliza: kama mwalimu ni mwanamke, kama madirisha yana mapazia, kama kuna mwanamume yeyote anayeingia saa hizo, na kama kuna kamera. Ukiyaandika hayo wazi, utawapata ambao wamekuwa wakisita kwa muda mrefu.

Swali kutoka Ubungo: Fomu yetu inauliza uzito, magonjwa na namba ya NIDA. Watu hawaimalizi.

Jibu: Bakiza jina na simu tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo mwalimu aziulize ana kwa ana siku ya kwanza, na zitunzwe panapofungwa kwa ufunguo.

Swali kutoka Tabata: Nitajuaje kama marekebisho yamesaidia?

Jibu: Weka daftari mapokezini, na kila mgeni aulizwe alikojulia jimu. Linganisha miezi inayofanana, maana ukipima Januari kwa mwezi wa Ramadhani utajidanganya.