Wiki ya mwisho ya muhula wa tatu: shoneni kitabu cha darasa kwa kurasa zilizobaki

Mtihani wa mwisho ukishakusanywa, darasa hubadilika. Mikoba huja mitupu, mwalimu ana rundo la karatasi za kusahihisha na ripoti za kujaza, na watoto hawana la kufanya. Hapo ndipo ugomvi huanza, na wengine huacha kuja kabisa. Nafundisha Gredi ya Nne huku Eastlands, Nairobi, mwaka huu nina watoto 54, na siku hizo tano au sita kabla ya kufunga nimekuja kuzithamini kuliko wiki nyingine yoyote ya mwaka. Mtoto akizitumia vizuri, anaondoka akiwa ameona kwa macho yake alikotoka Januari na alipofika. Haya ndiyo ninayofanya, kwa mpangilio ninaoufuata.

Anza mapema: sentensi moja kwa kila mtoto

Kazi hii ni ya mwalimu, na isingoje wiki ya mwisho. Chukua rejista, kila jioni waandikie watoto sita sentensi moja moja kwenye vipande vya karatasi. Kwa darasa langu, siku tisa zinatosha. Andika jambo ulilolishuhudia mwenyewe: "Ulimshikia mwenzako mwavuli mpaka getini." "Sasa unagawanya bila kuhesabu vidole." Usiandike "wewe ni mtoto mzuri", kwa kuwa mtoto anajua hayo unaweza kumwambia yeyote. Ukifika kwa jina fulani ukakosa la kuandika, basi mtoto huyo hujamwangalia vya kutosha. Kesho yake keti karibu naye.

Siku ya kwanza: vitabu vya shule virudi

Vitabu vya kiada ambavyo serikali huleta shuleni ni vya watoto wa mwakani pia. Vikusanyeni kwanza, kabla watoto hawajapungua. Wapange wawili wawili: mmoja asome namba iliyoandikwa ndani ya jalada, mwingine aitie alama kwenye orodha. Vilivyochanika viende meza ya mafundi, yenye gundi, makasi na selotepu. Watoto hupenda sana kazi hiyo, na mara nyingi wale wasiotulia kwenye somo ndio mikono yao hutulia hapo. Aliyepoteza kitabu usimsimamishe mbele ya wenzake. Mpigie mzazi wake baadaye, mzungumze wawili.

Siku ya pili hadi ya nne: kitabu chenyewe

Mnahitaji madaftari yaliyotumika mwaka mzima, msumari, sindano kubwa na uzi mgumu kama ule wa kushonea magunia, na katoni kuukuu za majalada. Hakuna cha kumtuma mtoto akadai pesa nyumbani.

Kila mtoto atafute daftari lenye kurasa tupu na azihesabu. Kisha afungue pini za katikati taratibu na kuchomoa karatasi moja nzima, ile yenye kurasa nne ikikunjwa. Asichane upande mmoja, maana nusu ya pili italegea na kuanguka. Pini zikusanye mwenyewe mkebeni, zisiachwe sakafuni.

Sasa sikiliza vizuri, mwalimu mwenzangu, maana hapa ndipo nilipoharibu mara ya kwanza. Kunjeni karatasi kabla ya kuandika. Gawa darasa vikundi sita vya watoto tisa, na kila kikundi kiingize karatasi zake moja ndani ya nyingine kwenye mkunjo. Mtaona kwamba kurasa mbili za mtoto zimebaki nusu ya mbele ya kitabu na mbili nyingine zimeenda nusu ya nyuma. Mwaka ule watoto walikuwa wameshaandika hadithi zao mfululizo, na tulipokunja, kila hadithi ikakatika katikati. Wengine walilia. Tangu hapo mpangilio huo ndio naufanya uzuri wa kitabu: nusu ya mbele ni Januari, nusu ya nyuma ni sasa.

Ukurasa wa kwanza, mtoto achore kitu anachopita kila siku akija shuleni. Wa pili, aandike jambo lililomshinda mwaka ulipoanza. Wa tatu, uliomo nusu ya nyuma, aandike analoliweza leo na nani alimsaidia. Wa nne ni barua fupi kwa mtoto atakayeketi kwenye dawati lake Januari. Jina liandikwe kwenye nusu zote mbili.

Usiwaulize watakwenda wapi likizo. Wapo watakaoenda ushago kwa nyanya, na wapo watakaoshinda ndani ya chumba kimoja mama akiwa kibaruani. Swali hilo huwatenga. Lakini kila mtoto ana jambo lililomshinda na sasa analiweza. Mvulana mmoja aliniandikia: "Januari nilikuwa namuuliza makanga gari inaenda wapi. Sasa nasoma kibao mwenyewe." Nimefundisha miaka mingi, na sijapata kusoma ripoti iliyonieleza maendeleo ya mtoto wazi kuliko sentensi hizo mbili.

Asiyeweza kuandika sana achore, au amwambie jirani amwandikie. Makosa ya tahajia yaelekeze kwa penseli, usiyapige wino mwekundu.

Kushona: tobolea wewe mwenyewe matundu matatu kwenye mkunjo kwa msumari, pamoja na jalada la katoni. Sindano ianzie ndani tundu la katikati itoke nje, iingie la juu, ipite kwa ndani hadi la chini, itoke nje, kisha irudi ndani kwa tundu la katikati. Funga fundo juu ya uzi mrefu uliopita ndani. Mwonyeshe mtoto mmoja kila kikundi, naye awaonyeshe wenzake.

Wakimaliza, kila kikundi kisome chake kwa sauti, kwanza nusu ya mbele yote, halafu ya nyuma. Acha usahihishaji wakati huo. Keti usikilize.

Mchana: michezo

Baada ya chakula, tokeni nje. Kati, blada, brikicho, kora. Watoto wanaijua kukuliko. Mpira wa kati tulikuwa tukiufunga kwa juala, lakini tangu mifuko hiyo ya plastiki ipigwe marufuku 2017 tunatumia soksi kuukuu zilizojazwa vitambaa, na haumuumizi anayepigwa. Mvua za vuli zikiwafungia ndani, tegeni vitendawili kwa vikundi. Anayeshindwa atoe mji, ila mji uwe ndani ya Kenya na aseme uko kaunti gani.

Sherehe ndogo

Michango ya soda na keki niliiacha. Asiyekuwa nayo hakuja siku hiyo, na nililijua hilo nilipoita rejista. Siku hizi walimu wawili watatu tunachanga, tunanunua ndizi sokoni Marikiti asubuhi, kila mtoto anapata moja. Zawadi za "bora zaidi" pia sigawi darasani kwangu.

Mkipiga picha, zisiende kwenye mitandao bila idhini ya wazazi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawalinda watoto pia.

Siku ya kufunga

Ripoti mpe kila mtoto mkononi, mmoja mmoja, mezani kwako. Akiona kiwango cha "kukaribia matarajio", yaani bado kidogo afikie kinachotarajiwa, mfafanulie kwa jambo analolijua: "Unasoma vizuri, bado kufupisha habari." Wazazi wengi huuliza mtoto amekuwa wa ngapi, kwa hiyo hakikisha mtoto ana maneno ya kuwajibu. Ndipo umkabidhi kile kipande cha karatasi ulichomwandikia. Nimewaona wakikikunja mara nne na kukitia mfukoni mwa shati, ripoti wakaibeba mkononi.

Vile vitabu sita haviendi nyumbani. Vitie kwenye boksi, liandike mwaka, lifungie kabatini. Ufunguo mwachie atakayelipokea darasa, na umwombe avitoe siku ya kwanza ya Januari, watoto wapya watakapokuwa wakitafuta madawati.