Kuepuka Mgongano wa Majina na Maneno Yaliyotengwa katika Python

Anayeandika programu ya shule kwa Python huenda akaunda klasi ya Mwanafunzi na kutaka kuipa sifa iitwayo class, itakayoonyesha kidato anachosoma. Python itamkatalia papo hapo kwa kosa la SyntaxError, kwa kuwa class ni miongoni mwa maneno 35 ambayo lugha hiyo imejitengea. Orodha yote hupatikana katika keyword.kwlist, ukishaandika import keyword, na neno moja likitiliwa shaka, kama vile pass, hupimwa kwa keyword.iskeyword("pass").

Dawa ya kwanza, na kwa maoni yangu ndiyo bora, ni kutafuta jina linalosema zaidi: kidato au mkondo hueleza jambo ambalo class isingeeleza. Pale jina linapolazimishwa kutoka nje, mathalani ujumbe wa JSON (muundo wa kubadilishana data kati ya programu) wenye sehemu iitwayo from, PEP 8, mwongozo wa mtindo wa kuandika Python, unapendekeza kuongeza mstari wa chini mwishoni, yaani from_, badala ya kuharibu tahajia kwa kuandika frm. Desturi hiyo, hata hivyo, haifai katika modeli za Django, mfumo wa Python wa kuunda tovuti, ambao hukataa jina la sehemu linaloishia na mstari wa chini; humo ita sehemu hiyo mtumaji, kisha uiongezee db_column="from" iwapo safu ya hifadhidata tayari ina jina hilo.

Hatari zaidi ni majina yasiyotengwa ambayo Python huyatumia yenyewe, kama list, id na type, kwa sababu hayo huyapokea bila kulalamika. Ukiipa klasi ya Ghala methodi iitwayo list, halafu chini yake, ndani ya klasi hiyohiyo, ukaandika methodi inayotangaza kurudisha list[str], neno list sasa litamaanisha methodi yako, na hadi toleo la 3.13 programu itasimama kwa TypeError kwenye mstari usio na kosa lolote la kuonekana. Iite orodhesha, na tatizo halizuki.

Hata jina salama leo laweza kutengwa kesho: async ilipotengwa rasmi katika toleo la 3.7, mwaka 2018, maktaba zilizoitumia kama jina la parameta ziliacha kufanya kazi. Kwa match, iliyokuja na 3.10, watunzi wa lugha walikuwa waangalifu zaidi, wakaliacha neno hilo litumike pia kama jina la kawaida. Kabla ya kuhamia toleo jipya, endesha majaribio yako yote juu yake kwanza.