Umefunga kampuni? Maboksi usiyachome kwanza

Wakuu, wiki hii watu watatu wameniuliza kitu kilekile, kampuni nshaifunga, haya makaratasi nakaa nayo mpaka lini? Naongelea Tanzania maana ndiko nilikofunga ya kwangu, tulikuwa wawili, duka la vifaa vya ujenzi.

Hatua ya 1: hesabu miaka vizuri. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zikae miaka 5. Wengi wanaanza kuhesabu tarehe iliyo kwenye risiti, wengine siku waliyopata barua ya BRELA (wale wanaosajili na kufuta kampuni), yote sivyo. Unaanzia mwisho wa mwaka wa mapato, yaani mwaka wa hesabu za kodi, ambao karatasi inauhusu. Umefunga Machi 2024 na hesabu zako zinaishia Desemba, basi za mwaka huo zinakaa mpaka 31 Desemba 2029.

Mtego uko hapa sasa. Kampuni ilinunua kiwanja 2014 mkakiuza 2024 mkiwa mnafunga, mkataba wa 2014 utauona takataka ya zamani kumbe ndio unaoonyesha mlinunua bei gani, TRA (mamlaka ya mapato) wakiuliza faida mliipigaje bila huo mkataba mtabaki mnakodoa macho. Huo miaka yake inaanza mwisho wa 2024.

Hatua ya 2: risiti za EFD, zile za mashine ya kodi. Mimi nilizifunga za mwaka mzima kwa rababendi nikazitia kwenye ndoo ya rangi nikaipandisha darini, bati linachoma mchana kutwa, kuja kufungua nyeupe pee, ukizigeuza juani unaona kivuli cha nembo basi. Ile karatasi inafutwa na joto. Toa kopi au skani mapema, weka kwenye flashi na kwenye imeili.

Hatua ya 3: benki na programu. Omba steitimenti kabla hujafunga akaunti. Kama hesabu ziko kwenye programu ya kulipia kwa mwezi, zipakue kabla malipo hayajakata.

Hatua ya 4: ongeza kidogo. Madai ya mkataba yana miaka 6 mahakamani, kwa hiyo mimi naweka 7. Kuna pingamizi TRA au kesi? Usiguse kitu mpaka iishe. Na kama mlidanganya kwenye ritani (taarifa ya kodi mnayopeleka TRA), ile miaka 5 haiwakingi.

Maswali ya wanachama

*Mafaili anayo mhasibu na hapokei simu.*
Mfuate ofisini kwake mkuu, tena na barua umsainishe. Atakayeulizwa ni wewe mkurugenzi, sio yeye.

*Kampuni haikufanya biashara hata siku moja, natunza nini?*
Ritani za sifuri, barua za kufunga, na steitimenti inayoonyesha hakuna hela iliyopita.

*Karatasi za mishahara nazo miaka 7?*
Hizo mi situpi. Mfanyakazi anakuja kufuatilia mafao NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) akiwa mzee, anakuta miezi haionekani, anaanza kukutafuta wewe. Daftari moja la mishahara halili nafasi.

*Muda ukiisha naweza kumuuzia mama wa karanga?*
Dada, hapana, zina namba za akaunti na simu za wateja. Chana au choma. Nshawahi kununua vitumbua vimefungwa kwenye ankara ya mtu, jina na deni lake vyote vinasomeka, mafuta hayajafuta kitu.