Kujua nepi ya kitambaa imelowa kabla mtoto hajalia

Anayehama kutoka pampers kuja nepi za kitambaa husema, "Mbona huyu analowa kila mara?" Hajabadilika. Pampers hunyonya mkojo ikauficha. Nepi ya taulo au ya shashi huuacha papo hapo kwenye ngozi. Kwa joto la Lamu miezi ya kaskazi, ngozi hiyo haichelewi kuchubuka. Ukingoja kilio, umechelewa.

Hatua ya 1: Mkono. Hii ndiyo hatua yenyewe, nyingine ni nyongeza. Pitisha kidole kimoja pajani, ndani ya ukingo wa nepi. Mkojo wa sasa hivi una uvuguvugu, wa kitambo umeshapoa. Kwa mtoto wa kiume gusa mbele. Wa kike, akiwa amelala chali, gusa katikati na nyuma, maana mbele panaweza kuwa pakavu kabisa. Kisha mnyanyue kidogo: nepi iliyolowa huwa nzito, hulegea kiunoni na pini huvutika chini. Ukimvalisha chupi ya plastiki juu yake, kugusa kwa nje hakukwambii kitu, lazima ufungue. Na jasho lisikudanganye. Jasho huenea kiunoni kote, mkojo huanzia mahali pamoja.

Hatua ya 2: Saa. Mchana badilisha kila baada ya saa 2 au 3. Angalia baada ya kunyonya, akiamka, na kabla hujamlaza. Hapo katikati mwache apumue, si lazima umpapase kila dakika.

Hatua ya 3: Mtazame. Anayecheza akatulia ghafla, akaachia ziwa, akakunja uso na kujikamua, huyo ana habari. Choo hakingojewi hata kidogo, kwa sababu kikichanganyika na mkojo ndipo ngozi inapoungua. Asubuhi pua itakujulisha: ile harufu kali inayochoma ni ya mkojo uliolala.

Hatua ya 4: Badilisha. Maji vuguvugu na pamba. Wa kike mpanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Kausha mikunjo ya mapaja, umwache uchi juu ya leso dakika chache. Poda siipendi, vumbi lake huingia mapafuni. Ukifunga pini, vidole vyako viwe kati ya pini na tumbo la mtoto. Kitovu kikiwa hakijadondoka, kunja nepi ikae chini yake.

Hatua ya 5: Hesabu. Kuanzia siku ya 5 hivi tangu azaliwe, anayenyonya vizuri hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Zikipungua, mkojo ukawa mzito wa rangi, mdomo ukakauka au utosi ukabonyea, usingoje kesho, mpeleke hospitali.

Maswali

*Mama, Langoni:* Shikamoo Bi. Wangu wa wiki tatu halii hata akilowa chapa. Na usiku nimwamshe?

Marahaba mwanangu. Wengi hawalii, mkojo ukiwa vuguvugu hauwasumbui. Mshike kila baada ya kunyonya. Usiku, kama ni mkojo tu, usimwamshe: mfunge nepi mbili, ubadilishe anapoamka kunyonya, taa ikiwa ndogo. Akienda choo, badilisha hata kama amelala.

*Mama, Shela:* Nepi zangu zimekuwa ngumu kama mbao, na mkojo unapita pembeni badala ya kunywewa.

Maji ya kisima yenye chumvi hayatoi povu, kwa hivyo watu huzidisha sabuni, na sabuni hiyo hubaki kwenye kitambaa. Punguza sabuni, suuza mara nyingi zaidi, na suuzo la mwisho liwe la maji ya mvua ukiwa nayo jabiani, yaani kwenye birika la kuhifadhia maji. Dawa ya kulainisha nguo iache kabisa: huacha utando, kitambaa kikakataa maji. Zikung'ute kwa nguvu kabla ya kuanika, uanike juani juu ya dari. Zilizokaukia kivulini zipigwe pasi, kuna nzi anayetaga kwenye nguo mbichi.

*Baba, Mokowe:* Bi, amenikojolea na kanzu na adhana imeshaita. Nifanye nini?

Kwa madhehebu ya Shafi, tunayofuata wengi wetu huku, mtoto wa kiume ambaye hajafika miaka miwili na hajala chakula ila maziwa, pale alipokojoa pananyunyiziwa maji mpaka yapaenee. Wa kike paoshwe. Choo huoshwa kwa wote. Na wewe baba, kanzu ya kuswalia itundike kwanza, ndiyo umbebe.

*Mama, Mkomani:* Siku ya pili tangu azaliwe nimeona doa la rangi ya tofali kwenye nepi. Ni damu?

Siku za mwanzo, maziwa yakiwa bado machache, mkojo mzito huacha doa kama hilo. Mnyonyeshe mara kwa mara, litapotea. Likiendelea baada ya siku ya 5, au ukiona damu kwenye choo, au choo cheupe kama chokaa, nenda kliniki. Nepi yenyewe usiifue, ikunje uende nayo, nesi aione kwa macho yake.