Kabla ya kidato cha tano, pasua moyo wa mbuzi

Kwa mnaosubiri kidato cha tano, michepuo yenye Biolojia ya PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) au CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia): agiza moyo wa mbuzi buchani, au damka uende machinjioni Vingunguti, Dar es Salaam, uupasue kwa urefu kwa kisu kikali (baadaye ni mboga, hakuna hasara). Minya kuta: ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kushoto ina ukuta mnene kuliko ya kulia, maana inasukuma damu mwili mzima, mwenzake mapafuni tu. Vile viuzi vyeupe ndani huzuia vali (milango ya moyo) zisipinduke. Ukishavivuta kwa kidole, huhitaji tena kukariri mchoro. Msisitize muuzaji mishipa ya juu isikatwe; bila mishipa hiyo aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni) huioni, na moyo uliokwisha kuchanjwa kwa kisu na mkaguzi wa nyama unachanganya. Kwenye jenetiki (somo la urithi wa sifa) mbinu hii haifui dafu.