Mkishawasilisha gemu, yachambueni maswali kwanza

Kwa timu za wanafunzi hapa Dodoma zinazopeleka wazo la gemu mbele ya jopo: teueni mtu mmoja asiyezungumza siku hiyo, kazi yake iwe kuandika kila swali neno kwa neno, pamoja na namba ya slaidi iliyokuwa ukutani. Ndani ya dakika 15 baada ya kutoka, kabla hamjaanza kulaumiana, yagaweni mafungu mawili. "Mchezaji anafanya nini hasa?" au "Anashindaje?" ni fungu la kwanza: hawakuielewa gemu. "Nani anachora, mtamaliza lini?" ni la pili: wameielewa, sasa wanapima kama mnaiweza. Fungu la kwanza likizidi, msiongeze maelezo, punguzeni hadithi. Tuseme gemu ni ya bodaboda anayewahisha zabibu za Hombolo Soko la Majengo kabla jua halijaziharibu. Slaidi nne za historia ya zabibu zinaondoka, inaingia video ya sekunde 30: pakia, endesha, kwepa shimo, lipwa. (Iwe ndani ya kompyuta, intaneti ya ukumbini hungoja zamu yenu ndipo ikatike.) Swali huonyesha mahali msikilizaji alipopotea, "hongereni, kazi nzuri" haionyeshi kitu. Njia hii hugoma jopo likinyamaza kwa adabu, au mwandishi akifupisha maswali kwa maneno yake. Wakinyamaza, mwombeni mmoja wao aieleze gemu kwa sentensi moja, kisha ilinganisheni na yenu.